Dada Uliyempa Mmarekani

Baba,

Salamu zikufikie hapo kaburini ulipolala Ibra. Huku nyuma sote wazima, ila mwanao Nassor hasemi nami, na aliyetugombanisha ni wewe. Wewe na yule wakili wako wa Kimarekani. Barua hii sikuifunga. Nimeiacha wazi kwa makusudi, aisome atakaye, maana katika nyumba yetu vilivyofungwa vimezidi.

Unazikumbuka Ijumaa zetu? Tumeshakula wali, Mama amejinyoosha ndani, wewe umekaa barazani na sahani ya tende, mimi na kaka Nassor tuko mbele yako. Ulikuwa na mwanzo wako: "Siku hiyo Bwana Wakili alikuwa na kesi." Jina lake hukulitaja, ulisema linauma ulimi. Ulimjulia Tabora, ulipokuwa karani wa mahakama. Hakimu mmoja Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao alikuachia kitabu kilichokatika jalada: maisha ya mwanasheria mmoja wa Marekani wa karne ya kumi na tisa, mwanasiasa pia, wala si mtu mkubwa sana hata huko kwao. Ukakisoma mpaka kikakukaa kichwani. Tulipohamia Oman, mimi mtoto wa miaka sita na Nassor wa saba, sanduku la vyombo lilifika, la nguo lilifika, lililopotea ni lile lenye kitabu. Zamani niliona ni bahati mbaya. Siku hizi hata sanduku lile nalitilia shaka.

Lakini nilimpenda mtu wako. Mtoto wa shamba la msituni, baba yake kafa mapema, anafagia ofisi ya jaji mzee ili aruhusiwe kusoma vitabu vya sheria. Anapanda farasi mji hadi mji akifuata mahakama, vitabu vimo kwenye mfuko wa tandiko, mvua inamnyea. Anatetea wajane. Anachaguliwa kuingia baraza la jimbo lake, kisha anapelekwa makao makuu, huko anasema yaliyo moyoni mwake, na uchaguzi unaofuata wanamwangusha. Anarudi kwenye mji wake mdogo kumalizia uzee kwa kesi za mbuzi na nyua. Ulivyomhadithia wewe, alikula tende akanywa kahawa, na farasi wake mpaka leo namwona amefungwa kwenye mtende kando ya mfereji wa falaji, akinywa maji yanayopita.

Na hesabu ulinifundisha kwa farasi yule. Tunakwenda Sur kununua samaki, njia nzima unaniuliza: "Bwana Wakili katoka mahakama ya kwanza alfajiri, farasi anakwenda mwendo kadha, njiani kapumzika kwa sala ya adhuhuri. Atafika lini?" Mmarekani anasali adhuhuri, na mimi napiga hesabu wala sicheki. Nilikuwa nakujibu kabla hujamaliza kuuliza, ukampiga Nassor kiwiko: "Mwone mdogo wako." Hilo ni langu, Baba. Hata leo, nikiwa nimekukasirikia, hilo silitoi.

Ila hesabu hizohizo ndizo zilizonifungua macho. Siku moja nilijumlisha miaka ya Bwana Wakili: ya kufagia, ya farasi, ya baraza, ya makao makuu, ya kesi za mbuzi, na wake wawili aliowazika akawakalia eda ndefu kuliko ya mwanamke. Nikakuta bwana yule kafa na miaka mia moja na thelathini na kitu. Nikakuambia. Ulicheka, ukanitia tende mdomoni.

"Watu wa zamani walikuwa na baraka."

Nikaitafuna. Lakini toka siku ile nikawa nakusikiliza kama mnunuzi anavyoitazama mizani ya muuzaji.

Ndipo nilipogundua kuwa hadithi yako ina nguo mbili, ya nyumbani na ya sablani. Pale sablani, chumba cha mtaa wanapokutana wanaume kwa kahawa na habari, mimi nilikuwa nafika mlangoni tu kupeleka birika, na masikio yangu yakitangulia. Nyumbani ulituhadithia kesi moja kuliko zote: mwanamke mtumwa aliyetoroka akavuka mto ulioganda kwa baridi, Bwana Wakili akamtetea mpaka sauti ikamkauka, jaji akamrudisha kwa bwana wake, na wakili akatoka mahakamani analia. Ulisema hapo ndipo alipoamua kuingia katika siasa. Siku nikaisikia kesi ileile ukiihadithia sablani. Mwanamke hayumo. Kuna farasi aliyeibiwa.

Nilikungoja nyumbani. "Baba, mbona leo yule mwanamke amekuwa farasi?"

"Kila majlisi na maneno yake, mwanangu."

Nilikuwa mdogo, sikufahamu. Sasa nafahamu ni nani waliokuwa wakikaa juu katika sabla ile na nani waliokuwa wakikaa karibu na viatu, na babu za hawa walikuwa nani kwa babu za wale. Wewe ulikuwa umetoka Bara juzi, Kiarabu chako kinanuka Tabora, unataka kukaa katikati kwa amani. Ukambadilisha mtu akawa mnyama, kahawa ikaendelea.

Sasa nije kwa dada.

Dada wa Bwana Wakili hakuwapo. Miaka yote ya utoto wetu hakutajwa, si shambani, si kwenye msiba wa baba yao. Alikuja Ijumaa moja tu, mwaka mimi na Nassor tumemaliza mitihani, yeye anataka kwenda ng'ambo kusoma sheria, mimi nataka kusoma uhasibu. Alama zangu za hesabu zilikuwa zimebandikwa ukutani shuleni. Ukajisafisha koo.

"Leo nitawahadithia dada yake Bwana Wakili."

"Ana dada?" nikauliza.

"Siku zote anaye."

"Mbona hukuwahi kumtaja?"

"Hamkuuliza."

Basi tukahadithiwa. Dada mdogo, hodari kuliko kaka yake, akaacha shule kwa furaha yake ili kaka asome. Anaamka alfajiri kupika vya kukaanga, anawauzia wasafiri wa magari ya farasi, mafuta yakamuunguza mkono, hakulalamika. Nilikuuliza kaka alimlipa nini. Ukasema: "Hakumsahau mpaka anakufa." Ulikuwa unatazama barabarani, na macho yako yana maji. Nilidhani ni vumbi.

Wiki ya pili nikawa siendi tena popote. Wewe ulikuwa na kazi yako ya ofisini kule Jalan Bani Bu Hassan, unarudi mwisho wa wiki, Mama hana mtu, na nyumba haikuweza kusomesha wawili. Nassor akapanda ndege. Siku ya safari ulimwandikia jina kamili la Bwana Wakili kwenye karatasi ukamtia mfukoni, awe mfano wake. Mimi hukuniandikia. Mimi nilipewa dada.

Sikukaa kulia. Nilikwenda kuuza katika soko la wanawake, lile la Jumatano hapa Ibra, wanja na ubani na vitambaa, kisha nikaingia kushona, kisha kushona mahema kwa kambi za jangwani, na leo kambi moja huko Al Mintirib ni yangu. Hakuna aliyenishika mkono. Na kila Ijumaa niliyokuja kukuona, toka ile ya kwanza, yule dada hukumwacha tena. Ulimrudia na kumrudia, mkono wake ulioungua, kikapu chake, mpaka nikamchoka. Moyoni nikisema: Baba anaona haya kwangu, ndiyo maana anamsifu huyu. Nilikudhania vyema, unaona.

Mwaka huu Nassor anagombea kuingia Baraza la Shura. Ana ofisi yake Nizwa, ana jina, anaongea vizuri. Akaja kwangu na kasha la halwa, nami nikalitazama lile kasha, kwani Nassor haleti halwa bure.

"Dada, wanawake wa Jumatano wanakusikiliza kuliko wanavyowasikiliza waume zao."

"Wanataka kusikia nini kutoka kwangu?"

"Hadithi ya Baba. Wakili na dada yake. Kisha useme na wewe uliacha shule kwa ridhaa yako, ukafurahi."

"Nikafurahi?"

"Sema uliridhika, basi. Usininyonge."

Sikumkatalia. Nilimwambia binti yake Shamsa, anayesoma chuo Nizwa, amtafute Bwana Wakili huyo kwenye simu yake, kwa jina lile ulilomwandikia baba yake, nipate la kusema. Alipotea dakika chache tu.

"Shangazi, yupo kweli. Wakili, na siasa, na kesi ya mtumwa, yote yapo." Akasoma kidogo tena. "Lakini huyu hakuwa na dada. Alikuwa mtoto wa pekee."

Nassor alipoambiwa aliinua mabega. "Haidhuru. Nani Ibra atakwenda kuangalia?"

Nilitaka nikuchukie siku hiyo, Baba. Nilitolewa shule kwa ushahidi wa mwanamke asiyekuwapo. Nikamwendea Mama. Alikuwa chini anatoa kokwa za tende, anazipanga tende kwenye sinia.

"Mama, Baba alimtoa wapi dada wa yule Mmarekani?"

Hakuinua macho. "Tabora."

"Nani wa Tabora?"

"Zuhura. Ndugu yake baba yako, wa baba mmoja. Mama yake Mnyamwezi."

Miaka yote hii, Baba. Miaka yote hii mimi nina shangazi. Mama alinieleza bila ya kuacha kazi yake. Babu alipokufa duka likafungwa, mtoto mmoja tu angeweza kuendelea na shule, na Zuhura, aliyekuwa darasa la nne na akili kukuzidi, akatolewa. Akakaanga vitumbua akawauzia abiria wa treni pale stesheni, wewe ukasoma ukawa karani. Kisha tukarudi Oman. Ili mtu akubaliwe, ilibidi akae mbele ya mzee wa kabila, aulizwe baba na babu, na wazee washuhudie kuwa wanaijua nasaba yake. Mama alikuwa upande wa pili wa ukuta na wanawake, anasikia. Mzee akakuuliza juu ya Babu: Salum bin Hamed kaacha watoto wangapi?

Ukajibu: Mimi tu.

"Aliogopa," akasema Mama. "Wangeanza kuuliza mama yake Zuhura ni nani, wangemuuliza na yeye mengi. Alisema tutamleta baadaye. Neno lilipotoka halikurudi. Utamletaje dada wa mtu aliyesema hana dada?"

Nilikaa na Mama mpaka sinia ikajaa. Nimepiga hesabu nyingi maishani mwangu, hii nilikuwa nairudia kama mtoto wa chekechea. Mmarekani alikuwa mtoto wa pekee. Wewe ulikuwa na dada. Ukamtoa wako ukampa yeye, na upekee wake ukauchukua wewe. Kisha ukaniita mimi nije nifanye alivyofanya yule uliyemkana.

"Yu hai?" nikamuuliza Mama.

"Yu hai. Namba yake imo ndani ya simu yangu. Tafuta fundi wa kiyoyozi."

Wallahi hivyo ndivyo alivyoandikwa. Shangazi yangu ni fundi wa kiyoyozi. Mama amekuwa akimpigia kila sikukuu, na wewe chumba cha pili unajifanya umelala.

Nilipiga palepale, kwa simu yangu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Binti wa Hamed."

"Hamed yupi? Wa Oman?" Nikamsikia anavuta kigoda, anakaa. "Kumbe na ninyi watoto wake simu mnazo. Nilidhani mchanga umezifukia."

"Zipo, Shangazi."

"Basi zilikuwa zinaumwa." Akacheka kicheko chako, Baba, kile kinachoanzia puani. Sikukitegemea, ilibidi niweke simu mbali kidogo. Nilipoirudisha sikioni sauti yake ilikuwa nyingine. "Mama yako kaniambia alivyokufa. Nikuulize wewe sasa. Alikuwa ananitaja?"

Nilitafuta jibu lisilo uongo. Nikamwambia: "Alikuwa akikuhadithia kila Ijumaa."

"Alisema nini?"

"Alisema mafuta yalikuunguza mkono."

"Wa kushoto," akasema. "Alama bado ipo."

Nilimwambia aje. Nilimwambia tiketi na kila kitu ni juu yangu. Anataka kuja, Baba, anataka afike ulipolala aseme neno lake. Lakini si mtu wa kuburuzwa.

"Nikija, watu wakiuliza huyu bibi nani, mtasema nani? Mgeni? Yaya wa watoto? Uniambie mapema, sitaki kuja Uarabuni kufichwa jikoni."

"Nitasema shangazi yangu."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Basi sema kwanza, halafu nitapanda ndege."

Nikamwita Nassor. Sikumkaribisha hata kahawa.

"Ulijua?"

"Nilijua kuna mtu Tabora."

"Mtu."

"Dada, mimi mwanasheria. Sikuulizwa, sikusema."

"Nani alikuambia? Baba?"

Alitazama funguo za gari lake. Kwa hiyo ulimwambia yeye, Baba. Sijui lini, sijui kwa nini yeye na si mimi, na katika yote uliyonifanyia hili ndilo linaloniamsha. Aliniomba ningoje mpaka uchaguzi upite. Alisema wapinzani wake wanatafuta pa kumshika, wataanza na nasaba: kama babake alimficha dada mbele ya mzee wa kabila, kaficha na nini tena? Hakukosea. Nilimwona anavyoogopa na nilimwonea huruma kidogo, kwani niliuona uso wako. Lakini na mimi najua kungoja kwa nyumba yetu. Wewe uliahidi baadaye, na baadaye yako imeshapita.

Kikao cha wanawake kilikuwa nyumbani kwa Nassor, sebule kubwa imejaa, kina mama wa Jumatano wote wamekuja na wanja wao. Mke wa Nassor kagawa tende, kahawa inazunguka. Niliwahadithia Bwana Wakili wako, Baba, mzima mzima. Shamba, farasi, baraza. Nikafika kwenye kesi, na sikumgeuza yule mwanamke kuwa kitu kingine. Alikuwa mtu, nikamwacha mtu. Kisha nikasema kwa Kiarabu, polepole, ili asiwepo wa kudai hakusikia:

"Mmarekani huyu hakuwa na dada. Aliyekuwa na dada ni baba yangu. Anaitwa Zuhura binti Salum, yuko Tabora, mama yake Mnyamwezi, na anakuja kwangu. Atakayeuliza ni nani, ni shangazi yangu, baba mmoja na baba yangu. Na mimi shule sikuacha. Nilitolewa."

Mmoja akatikisa kikombe chake kuwa kahawa imemtosha, akainuka, akavaa viatu. Wa pili akamfuata. Mke wa Nassor alikuwa ananitazama kama nimemwaga kitu juu ya zulia. Waliobaki wakatazama mikono yao, na mimi nikawatazama wao mmoja mmoja, kwani ndivyo nilivyozoea sokoni, kumsoma mtu kabla hajatoa bei yake.

Bi Rayya alikuwa karibu yangu. Wewe humjui. Tumeuza meza kwa meza tangu ujana, na miaka yote hiyo nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiarabu kwamba hakijui, kwao hawakuwahi kutoka Ibra. Akainama kuchukua tende, na bila ya kuniangalia akasema, kwa Kiswahili cha Kigoma kitupu:

"Sisi wetu wawili, tuliowaacha huko."

Akaila tende yake. Sijui kama alisema kwa uchungu au alikuwa ananipima nitafanya nini na neno lile. Sikufanya kitu. Nilimpa kikombe.

Nassor alinitumia ujumbe wa sauti jioni ileile. "Wakiniuliza nasaba yangu nijibu nini?" Nikamjibu: "Jibu ilivyo. Wewe wakili." Toka hapo kimya. Kama ataanguka sijui. Wanaonipa mkono mtaani siku hizi ni wengi kuliko zamani, na hao nawaogopa kuliko wanaonikwepa, kwani sijui kama wananipongeza mimi au wanamcheka Nassor.

Shangazi nilimpigia asubuhi yake. Nilimwambia nimesema, na mbele ya nani, na nani walitoka. Alitaka majina ya waliotoka. Kisha akasema sawa, atafungasha, akauliza kama kuna kitu chochote ninachotaka kutoka Tabora. Nilimwambia aniletee asali. Anafika mwezi ujao.

Dua ya rehema nakuombea kila baada ya sala, hilo sijalikata hata siku niliyokukasirikia sana. Lakini msamaha usiutazamie kwangu kwanza. Haki ya mja husamehe mwenyewe aliyedhulumiwa, wewe ndiye uliyetufundisha, na yangu mimi itasimama nyuma ya yake. Nitamfikisha ulipolala. Nitamshika mkono wa kushoto mpaka asimame sawasawa, kisha nitarudi nyuma, mbali, pale nisipoweza kusikia anachokuambia. Jitayarishe.

Binti yako,
mtoto wa kaka yake Zuhura